Papasi Mstaafu Apotea Arles

Ujana wangu wote nilikuwa papasi, mtembeza wageni wa mitaani, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nasema bila haya. Nilikuwa nasimama Forodhani nangoja mgeni mwenye ramani, kwa sababu ramani ya Mji Mkongwe haijawahi kumfikisha mtu popote. Namkuta mtaa wa Kiponda amekwama, jasho linamchuruzika, hoteli yake iko nyuma ya ukuta ule ule anaouegemea. Namchukua. Nampitisha Mkunazini, namrudisha Gizenga, tunapita mbele ya mlango mmoja wa njumu mara mbili, na mara ya pili namwambia huu ni mwingine. Dola kumi. Mgeni anashukuru na picha tunapiga.

Nayaeleza haya mapema ili mjue kwamba yaliyonipata Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, hayakunionea.

Binti yetu ameolewa Marseille, kwa Wangazija, na mwaka huu yeye na mumewe walituchangia safari ya wiki nzima kwa meli ya mtoni, kuteremka mto Rhône kutoka Lyon mpaka Arles. Meli yenyewe ndefu, imelala chini kama kenge, maana madaraja ya mto yako chini na kitu kirefu hakipiti. Mke wangu ni Mpemba, amekulia kwenye bahari yenye mawimbi ya kweli. Siku ya kwanza aliikagua, akakaa, akasema, “Hii si safari, bwana. Hii ni nyumba inayotembea.”

Arles tulifunga gati asubuhi. Kumbe kule nafasi ikiwa finyu meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Yetu ilikuwa ya nje, kwa hiyo kushuka ilibidi tupite ndani ya meli ya watu, tukatize mapokezi yao, ndipo tutokee nchi kavu. Shikeni hilo.

Jirani na gati pana simba wa mawe. Walikuwa wakilinda daraja la reli, daraja likapigwa bomu mwaka 1944, nao wakabaki wanalinda hewa. Mimi ni Yanga tangu tumboni, lakini kazi ni kazi. Nikamwambia mke wangu, “Alama yetu simba. Ukipotea, ulizia simba.”

“Nani atapotea?” akauliza.

Kila mmoja tulivalishwa redio ndogo shingoni na waya mmoja wa sikioni. Mtembezaji, mama mmoja mwenye mwavuli wa kijani, anazungumza kwa sauti ya chini huko mbele, nawe unamsikia kama yuko ndani ya fuvu lako. Nilimwonea wivu. Miaka yote ile nilikuwa napiga kelele.

Akatuambia kwamba mwaka 46 KK Julius Caesar aliufanya mji huu makao ya askari wake wastaafu, kwa sababu Arles ilimsaidia alipokuwa akipigana na Marseille. Nikamtumia binti ujumbe hapo hapo: wakwe zako walishindwa. Hakujibu.

Uwanja wao wa michezo ulijengwa mnamo mwaka 90 BK. Urefu mita 136, watu 20,000 wanakaa, na ukisimama katikati ukakohoa, ukuta unakukoholea. Dola ya Roma ilipoanguka watu wakahamia humo humo na kujenga nyumba zaidi ya 200, kama vile leo Darajani nzima ihamie ndani ya Uwanja wa Amaan, na hawakuondolewa mpaka karne ya 19. Mke wangu hayo yalimpita. Aliposikia kwamba mpaka leo mle ndani vijana hucheza na ng'ombe, na kwamba katika mchezo wao mmoja ng'ombe hauawi, kinachotafutwa ni kunyakua utepe kwenye pembe zake kisha mtu akimbie roho yake, ndipo akachangamka. “Kumbe mchezo wa ng'ombe! Huu tunao Pemba! Hawa wametuiga!” Wazungu wawili wakageuka.

Tukafika uwanja wenye mnara wa jiwe wa Kirumi katikati na simba wa shaba chini yake. Kwenye jumba la halmashauri ya mji ndipo unapoteremka kwenda chini ya ardhi, kwenye mahandaki ambayo Warumi waliyajenga ili tu kusawazisha kiwanja cha soko lao. Kilima kilikuwa kimeinama, wakakiwekea miguu. Mke wangu akayatazama maji yanayochuruzika ngazini, akaligusa goti lake, akasema yeye atangoja juu. “Na wewe usikae sana. Wewe ukiona vichochoro unakuwa mtoto.”

Kweli tupu. Mle ndani ni matao mawili mawili yanayokwenda gizani, unapinda, yanaendelea, unapinda tena. Baridi, harufu ya udongo mbichi. Nilihisi niko Mkunazini usiku umeme umekatika. Nikapapasa kuta. Nikahesabu nguzo. Nilipotanabahi, sikioni kulikuwa kimya. Mawe yamekula mawimbi ya redio, na kundi zima limeshapanda juu.

Nikatoka mbio. Uwanjani hakuna mwavuli, hakuna mke. Baadaye nilielezwa kwamba aliambiwa “mume wako yuko mbele,” naye akaamini, kwa sababu siku zote niko mbele.

Sikufadhaika. Nikamwendea mhudumu wa mgahawa, na kwa kuwa binti alinifundisha kwamba Kifaransa ni kutamka kupitia puani, nikamwuliza kwa pua yote, “Lion?” Akafurahi. Akanielekeza, akachora njia kwenye karatasi, akaandika saa ya treni. Nikasoma: LYON. Kumbe kwa Kifaransa simba na mji wa Lyon vinatamkwa sawasawa. Tulitumia wiki nzima kutoka huko, na huyu bwana ananirudisha kwa nauli yangu!

Ndipo sikio likafufuka. Sauti ya mama, Kiingereza, inasema, “...na sasa tunarudi melini.” Alhamdulillahi. Nikaifuata kama anavyotafutwa mbuzi anayelia. Nikipinda kushoto inafifia, nikipinda kulia inanguruma. Kona ya tatu nikaliona kundi: kofia nyeupe, raba nyeupe, mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa bluu, lakini nikajiambia kijani na bluu kwa Waswahili wa zamani ni shilingi na senti. Nikatembea nao nikitabasamu. Wakatabasamu.

Tukaingia melini. Mapokezi yale yale, nguo za maji ya limau zile zile za kufutia mikono. Nikapanda mpaka chumba 217, nikatia kadi. Taa nyekundu. Nikatia tena. Nyekundu. Nikagonga, “Bibie, fungua, nimerudi!” Kimya. “Usinune basi, nifungulie!”

Mlango ukafunguliwa na mzungu mkubwa, kifua wazi, taulo kiunoni, povu sikioni. Tukatazamana. Nilichofikiria katika nukta ile moja sitakiandika hapa, mke wangu atakisoma.

Nikaomba radhi, nikapanda sitahani nipate hewa. Meli ya jirani ilikuwa imefungua kamba, inaondoka taratibu. Mimi mtu wa pwani, meli ikiondoka tunapunga. Nikapunga kwa mikono miwili. Juu yake, kwenye upepo ule wao wa kaskazini wanaouita mistral, kulikuwa na kanga inapepea kama bendera. Nikawaza, mashallah, hata huku wanavaa kanga. Nikaipungia na kanga.

Kanga ikanipungia. Ilikuwa na mke wangu ndani yake.

Alikuwa akishusha viganja, anashusha, anashusha. Kwetu huko ni kumwita mtu: njoo. Nikashuka ngazi tatu tatu. Baharia wa mlangoni alinieleza jambo refu, ila aliniambia kwenye sikio lenye waya, na wayani yule mama wa mwavuli wa bluu alikuwa akitangaza chakula cha mchana. Nikateremshwa. Nyuma yangu na meli hiyo nayo ikang'oka. Gati tupu. Tukabaki mimi, simba, na mzee mmoja anayevua samaki.

Nikakimbia kando ya mto nikiita. Yule mzee akanitazama, akanyanyua kidole, akakizungusha hewani. Nikasimama. Mtu mzima, ugenini, halafu ananiambia kichaa! Nikamrudishia kidole changu nikakizungusha na mimi, tena karibu kabisa na kichwa, asipate shaka. Akacheka, akazungusha tena, safari hii duara kubwa, na kumalizia kwa kuonyesha mto.

Meli yetu ilikuwa inageuka.

Ya ndani haiwezi kutoka mpaka ya nje iipishe, basi. Ilisogea, ikaipisha, ikazunguka kwa raha zake, na sasa inarudi kufunga pale pale niliposimama. Dakika ishirini abiria wote walikuwa wamejipanga ubavuni wakinitazama nikikimbizana na maji. Ilipogusa gati walipiga makofi.

Mke wangu akashuka akijifunga kanga vizuri. “Nilikuwa nakwambia ukae chini, mume wangu. Kaa chini, tunarudi. Wewe ukakimbia.” Kisha akamwona yule mzee, ambaye bado alikuwa akizungusha kidole na kucheka peke yake. “Na huyu ndiye aliyekuonyesha njia? Mpe chake.”

Nikatoa euro tano. Akaonekana kungoja zaidi.

“Ongeza,” akasema mke wangu. “Wewe ulikuwa unachukua kumi.”