Nusu ya kidonge cha baba

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Sijawahi kuchukua suruali ya mtu mzima, nikaikata katikati na kumwambia mama, "Haya, ya mtoto hiyo." Angenirushia mkasi! Lakini Juni moja, mwanangu alipobanwa na kifua, niliambiwa dirisha la dawa: "Mpe nusu asubuhi, nusu jioni."

Usiku nikachukua kisu cha jikoni. Kidonge hicho cha watu wazima kikatoka vipande vitatu na unga. Nusu ni ipi hapo? Nikasagia kwenye kijiko, nikachanganya na uji, akalamba na kutema. Nikabaki sijui amemeza kiasi gani, nimwongeze au nimwache.

Na dawa za watoto zenyewe zipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu za watoto mwaka 2007. Mwaka 2009 ikaja dawa ya mseto ya malaria ya kuyeyusha, yenye ladha ya cheri. Kwa nimonia ya walio chini ya miaka 5 kuna amoksilini ya miligramu 250, unaidondosha kwenye maji kidogo inayeyuka. Zinki ya kuharisha ni vivyo hivyo.

Utasema mbona kuna dawa ya maji. Hebu zipandishe hizo chupa Makete, milimani Njombe, wakati wa masika! Ile ya unga inataka maji safi, tena hadi kwenye alama, na ikishachanganywa haizidi wiki mbili. Vijiko vyetu navyo kila nyumba na saizi yake.

Huku kwetu kuna na jambo la ARV, dawa za kufubaza VVU. Utafiti wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Wapo watoto wao wanaomeza dawa kila siku, na mojawapo ya hizo ARV, dolutegravir ya miligramu 10 ya kuyeyusha, imetengenezwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo sera isiishie kuziandika kwenye mwongozo. Zahanati yenye vidonge vya watu wazima tu isihesabiwe kuwa "ina dawa"; akiba ya watoto iripotiwe peke yake. Na maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, nayo yawe nazo. Saa tatu usiku, mtoto anahema kwa shida, huko ndiko tunakokimbilia.