Mindanao: Je, Serikali Ipige Hodi Nyumbani Kwake?

Alfajiri ya tarehe 25 Januari 2015, makomando 392 wa polisi wa Ufilipino waliingia Mamasapano, katika kisiwa cha Mindanao, kimya kimya. Walikuwa wanamfuata Zulkifli bin Hir, mtengeneza mabomu kutoka Malaysia aliyejulikana zaidi kwa jina la Marwan, ambaye Marekani ilikuwa imemwekea dau la dola milioni 5. Walimkuta kibandani mwake, wakamuua, wakamkata kidole ili kikapimwe vinasaba. Kazi ya kumtafuta ilikwisha gizani. Iliyobaki ilikuwa ya kutoka.

Ndiyo iliyowashinda. Kikosi kilichowekwa kulinda njia ya kurudi kilinaswa kwenye mashamba ya mahindi ya Tukanalipao, mahali peupe, kukakucha wakiwa bado pale. Walikuwa 36, alitoka hai mmoja, aliyejitosa mtoni. Polisi waliokufa siku hiyo ni 44 kwa jumla. Upande wa pili MILF, kundi la waasi wa Wamoro, Waislamu wa Mindanao, ambalo miezi kumi tu nyuma lilitia saini mapatano ya amani na serikali, lilizika wapiganaji wasiopungua 17. Wapo na raia waliouawa, ambao hawakufanyiwa gwaride la mazishi.

Tangu siku ile, kila mazungumzo ya Mindanao yanapotajwa, hoja inayorushwa ni hii: serikali haipaswi kupiga hodi ndani ya nyumba yake. Polisi ana hati ya kukamata, mtuhumiwa yuko ndani ya mipaka ya nchi, kwa nini aombe ruhusa kwa waasi? Ni hoja inayoingia akilini kwa haraka, hasa ukiwa umekaa Manila, mbali na mahindi yale.

Mimi naona hodi yenyewe haikueleweka.

Usitishaji mapigano kati ya serikali na MILF ulitiwa saini mwaka 1997. Ulivunjwa mwaka 2000 na Rais Estrada, aliyetangaza vita kamili na kuiteka Abubakar, kambi kuu ya MILF, ukavunjika tena 2003, na tena 2008 baada ya Mahakama Kuu kuuzuia mkataba wa ardhi ya mababu dakika za mwisho. Kila ulipovunjika, watu kwa mamia ya maelfu waliyakimbia makazi yao. Lakini katikati ya mivunjiko hiyo kulijengwa kitu ambacho magazeti huwa hayana nafasi nacho: kamati. Pande zote mbili zina kamati za kusimamia usitishaji mapigano, na watu wake wanajuana kwa majina na namba za simu. Mwaka 2002 wakakubaliana kuunda kikosi kazi cha pamoja, AHJAG, cha kushughulikia wahalifu wanaojificha kwenye maeneo ya MILF. Mwaka 2004 wakaja waangalizi wa kimataifa wakiongozwa na Malaysia, pamoja na Brunei na Libya. Baada ya hapo idadi ya mapambano kati ya jeshi na MILF ikashuka kutoka mamia kwa mwaka hadi kumi na kitu.

Utaratibu wa AHJAG ni mwepesi kuueleza. Serikali ikimtaka mtu aliyejibanza karibu na vijiji vya MILF, inaarifu. MILF inawaondoa watu wake njiani, raia wanahamishwa, operesheni inaendelea. Hakuna sharti la ruhusa hapo. Hodi kwa Kiswahili chetu haijawahi kuwa ombi la idhini ya mwenye nyumba peke yake. Ni kumjulisha aliye ndani kwamba anayekuja si mwizi.

Na vijijini Maguindanao, mkoa ilipo Mamasapano, tofauti ya mgeni na mwizi ni suala la risasi. Kule bunduki iko katika nyumba nyingi, na damu nyingi inayomwagika haihusiani na Bangsamoro, yaani taifa la Wamoro, wala na dini, ni visasi vya koo, wanaviita rido. Wana neno lingine, pintakasi, ambalo liliibuka sana katika mjadala wa Mamasapano. Ni lile lile yowe la kijijini kwetu: likipigwa, kila mwenye panga anatoka, hamuulizani nani kaingia. Usiku ule yowe lilipigwa, na waliotoka hawakuwa MILF pekee. Walikuwemo BIFF, wapiganaji waliojitenga na MILF kwa kuyapinga mazungumzo, na wenye silaha zao binafsi. Polisi walikuwa wameamua kuliarifu jeshi pale tu watakapokuwa wameshamfikia mlengwa. Jeshi lilipojua, vita vilikuwa vinaendelea, na waliofunga safari kwenda kutafuta namna ya kuvisimamisha walikuwa wale wale watu wa kamati ambao hawakuambiwa kitu.

Sasa nizihesabu namba ambazo haziniachi. Julai 2007, huko Al-Barka katika kisiwa cha Basilan, wanamaji 14 waliuawa, kumi kati yao wakakatwa vichwa. Walikuwa wanamtafuta padri wa Kiitaliano aliyetekwa, Giancarlo Bossi, ambaye hakuwa Basilan kabisa. Muda wa AHJAG ulikuwa umemalizika Juni mwaka huo huo, na hakuna aliyeona haraka ya kuuongeza. Wiki chache tu! Oktoba 2011, Al-Barka tena, wanajeshi 19. Januari 2015, polisi 44. Kumi na nne, kumi na tisa, arobaini na nne: watu 77 katika safari tatu, zote za kuingia kwanza na kueleza baadaye. Wanaosema hodi ndiyo inayoua askari waniletee orodha ya waliokufa baada ya kubisha, tuilinganishe na hii.

Nikubali kwamba hesabu yangu ina kovu. Kuhusu 2011, jeshi lilishikilia kwamba vijana wake walikuwa nje ya eneo la MILF, na MILF ikasema waliingia ndani kabisa. Halafu aliyekuwa anafuatwa siku hiyo alikuwa kamanda wa MILF yenyewe, aliyetuhumiwa kwa mauaji ya 2007. Miaka minne baadaye alikuwa huru pale pale. Hapa ndipo hoja ya upande wa pili inapokuwa na uzito, kuliko kwenye maneno makubwa ya dola na mipaka. Mwenyeji anayejua mgeni wako ni nani, na mwaka hadi mwaka asiseme, je, ukibisha hodi si unampa nafasi ya kumtoa kwa mlango wa nyuma? Wakuu wa makomando walilieleza Baraza la Seneti kwamba operesheni za awali za kumnasa Marwan zilishindikana, na waliogopa siri kuvuja. Mjane wa mmoja wa wale 44 akiuliza Marwan aliishije pale bila MILF kujua, sijui mtu wa kamati amjibu nini. Mimi sina jibu la kumpa.

Ila rekodi ina upande mwingine. Mwaka 2005, kupitia utaratibu huo huo, MILF ilikaa pembeni wakati jeshi likiwabana viongozi wa Abu Sayyaf, kundi la watekaji nyara na walipuaji mabomu, waliokuwa wamejificha Maguindanao, hadi kiongozi wao Khadaffy Janjalani akalazimika kukimbilia visiwa vya Sulu, alikouawa mwaka uliofuata. Basit Usman, mtengeneza mabomu mwingine aliyetafutwa Mamasapano na kuwaponyoka makomando, aliuawa Mei 2015, na MILF ikasema waliokabiliana naye ni wapiganaji wake. Habari hiyo ilipita kama upepo. Marawi ilipovamiwa na wafuasi wa IS, kundi la Dola la Kiislamu, mwaka 2017, MILF ilishirikiana na serikali kufungua njia ya kuwatolea raia mjini, na kule Maguindanao ikawa inapigana yenyewe na makundi yenye msimamo huo huo.

Gharama ya Mamasapano haikuishia shambani. Muswada wa kuunda eneo la Bangsamoro, ambako Wamoro wangejitawala ndani ya Ufilipino, ulikwama bungeni ukafia humo. Sheria ilipatikana Julai 2018, wakati wa Rais Duterte, kura zikapigwa mwanzoni mwa 2019, na Murad Ebrahim, kiongozi wa MILF, akaapishwa kuongoza serikali ya mpito. Kwa hiyo aliyekuwa anapigiwa hodi naye akawa serikali. Wapinzani wanasema hilo ndilo walilokuwa wanaliogopa. Sulu, ambayo wapiga kura wake wengi walikataa kuingia kwenye eneo hilo, iliondolewa humo na Mahakama Kuu mwaka 2024.

Silaha nazo hazijaisha. Wapiganaji 40,000 walitakiwa kurejea uraiani, na zaidi ya 26,000 wamepita kwenye zoezi hilo, kila mmoja akipewa peso 100,000. Julai 2025 MILF ikasimamisha awamu ya waliobaki, kama 14,000, ikidai serikali haijawatimizia ahadi waliotangulia. Waangalizi wa Malaysia waliondoka 2022. Hao 14,000 bado wako vijijini, mashamba ya mahindi bado yapo, na siku polisi watakapomfuata mtu huko usiku, kutahitajika mtu wa upande wa pili anayepokea simu saa tisa za usiku.