Siku nne za binti wa Zomba

Mjadala wa fedha za kaya maskini ukiibuka, swali la kwanza huwa lilelile: kwa nini wapewe bure? Wawekewe masharti. Mwanafunzi ahudhurie shule, mtoto mchanga apelekwe kliniki, ndipo hela itoke. Sehemu ya ruzuku katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, mwaka 2012, imejengwa juu ya wazo hilo, na wanaolitetea wana hoja ya kweli. Lakini upande wa pili, unaotaka mtu aachiwe aamue mwenyewe, husikika kama huruma tupu isiyo na ushahidi. Ushahidi upo, na mzito kuliko wote ninaoufahamu umetoka kwa jirani zetu Malawi.

Mwaka 2008 na 2009, wilayani Zomba, watafiti Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler waliwafuatilia wasichana wa miaka 13 hadi 22 ambao walikuwa hawajaolewa. Maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu. Kwingine hela ilitoka kila mwezi kwa sharti kwamba binti ahudhurie asilimia 80 ya siku za shule. Kwingine ilitoka bila sharti lolote. Kwingine haikutoka kabisa. Wazazi walipewa kati ya dola 4 na 10 kwa mwezi. Binti alikuwa na fungu lake, dola 1 hadi 5, na kiasi alikipata kwa bahati nasibu, kwa kuchomoa kizibo cha chupa kutoka kwenye bahasha.

Ukiuliza shule tu, masharti yalishinda. Fedha zisizo na sharti zilipunguza utoro wa kudumu kwa asilimia 43 tu ya kile kilichopatikana penye sharti, na wasichana wenye sharti walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kusoma Kiingereza. Waziri wa elimu akisimamia matokeo hayo, simlaumu. Kodi ya wananchi inatakiwa ionekane imefanya kazi gani.

Ila watafiti walipima pia jambo ambalo daftari la mahudhurio halilioni: hali ya nafsi ya hao wasichana. Miongoni mwa waliokuwa shuleni mpango ulipoanza, waliopewa hela bila sharti walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 38 wa kukutwa na msongo wa mawazo, wakilinganishwa na wasiopewa kitu. Penye sharti, nafuu hiyo ilikuwa asilimia 17. Fedha ni zilezile na wilaya ni ileile, na bado zaidi ya nusu ya faraja imepotelea kwenye sharti.

Kuna matokeo mengine yanayonikaa kichwani zaidi ya hayo. Penye sharti, kadiri mzazi alivyoahidiwa hela nyingi, ndivyo nafuu ya binti ilivyopungua. Kwa kawaida tungetarajia kinyume: nyumba ikiongezewa kipato, kila mtu apumue. Lakini fikiria binti wa miaka 15 katika mwezi wenye siku 20 za masomo. Asilimia 80 ni siku 16, kwa hiyo ana siku nne za kukosa. Hedhi ikimweka nyumbani siku mbili kwa kukosa pedi, malaria ikachukua siku mbili, basi zimekwisha. Siku ya tano hakosi shule tu. Unga wa nyumba nzima unakosekana, na wadogo zake wanajua ni kwa sababu ya nani. Mzazi aliyekuwa akipata dola 4 atanung'unika. Wa dola 10 anaweza kumwamsha mtoto mwenye homa. Binti aliyekwenda shule kwa sababu anapenda hesabu sasa anakwenda kama kibarua wa familia, na fungu la mzazi halipiti mkononi mwake.

Wanasaikolojia wana maelezo yanayolingana na hali hiyo. Edward Deci alionyesha katika utafiti aliouchapisha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kutegua mafumbo ya kupanga vipande waliyagusa kidogo zaidi baadaye, malipo yalipoondolewa. Yeye na Richard Ryan wakaja kujenga nadharia kwamba nafsi ya binadamu ina mahitaji matatu: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na watu wako. Utafiti wa Zomba haukuundwa kuipima nadharia hiyo, na malipo ya fumbo si sawa na chakula cha maskini. Hata hivyo, sharti lile liligusa mahitaji yote matatu kwa pamoja, hasa la tatu, kwa kumfanya mtoto awe mdaiwa wa wazazi wake.

Lipo pia kundi tunalolisahau: walioacha shule. Penye sharti, kuacha shule kulikata hela palepale. Penye uhuru, hela iliendelea kuingia, na ndoa na mimba za utotoni zikapungua sana katika kundi hilohilo.

Sidai kwamba uhuru ulimaliza matatizo. Nafuu ya msongo ilififia mara mpango ulipokwisha, na ndoa na mimba zilizokuwa zimezuiwa zikapanda tena. Katika maeneo yaliyopewa hela, wanafunzi ambao wao hawakuchaguliwa kupewa waliongezeka msongo, na hilo linaniuma kwa sababu sharti si chanzo chake.

Lakini si lazima tuchague kati ya kubana na kuacha tu. Nchini Morocco, mpango wa Tayssir ulitoa fedha kwa wazazi kupitia shule, ukizitaja kuwa ni msaada wa elimu, na kundi moja halikukatwa chochote mtoto akikosa. Watoto walibaki shuleni kwa wingi, na kuongeza sharti hakukuleta tofauti ya maana. Mzazi aliambiwa hela ni ya nini, akaaminiwa. Kwetu jambo hilo linaweza kujaribiwa katika wilaya chache: mwalimu aendelee kuweka alama kwenye daftari, na binti akikosa siku ya tano, mtu aende nyumbani kwao kuuliza kulikoni, na ruzuku iachwe kama ilivyo.