Neferabu alikuwa na miungu wangapi?

Neferabu alikula kiapo cha uongo. Alimtaja mungu Ptah, bwana wa haki, kisha akasema lisilo kweli, na kwa maelezo yake mwenyewe akaonyeshwa giza mchana kweupe. Aliyachongesha hayo kwenye bamba la jiwe, ambalo leo limehifadhiwa London, ili wapitao wajihadhari na jina la Ptah. Alikuwa fundi wa Deir el-Medina, kijiji cha Misri ya kale cha watu waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme, zama za Farao Ramesses II, karne ya 13 kabla ya Kristo.

Neferabu huyo huyo ana bamba la pili, lililoko Turin, Italia. Humo anaungama kosa mbele ya mwingine kabisa. Anasema alikuwa mjinga asiyepambanua jema na baya, akamkosea Meretseger, mungu wa kike mwenye umbo la nyoka, aliyekaa kwenye kilele cha mlima unaokitazama kijiji. Akaadhibiwa usiku na mchana. Akaketi juu ya matofali kama mwanamke mwenye uchungu wa uzazi (huko walijifungua wakiwa wamechutama juu ya matofali), akauita upepo, upepo usije. Mwishowe Meretseger akamgeukia kwa rehema, maumivu yakasahaulika.

Namtanguliza fundi huyu kwa sababu ubishi juu ya dini ya Misri ya kale kwa kawaida huendeshwa huko juu, kwa makuhani na wafalme. Ubishi wenyewe ni huu: Wamisri waliabudu miungu wengi kweli, au walimwabudu Mungu mmoja, na hao kina Ra, Isis, Thoth na Hathor ni majina na sifa zake tu?

Wazo la Mungu mmoja halikuzaliwa juzi. Katika karne ya 19 Mfaransa Emmanuel de Rougé, mtaalamu wa Misri ya kale, alishikilia kwamba asili ya dini ile ilikuwa tauhidi. Siku hizi hoja hiyo imehamia kwetu. Wengi wanaoitetea ni Waafrika waliochoka kuambiwa kwamba ustaarabu mkubwa wa bara lao ulijengwa na watu waliosujudia paka na mamba. Nawaelewa. Wala hawabishi kwa mikono mitupu.

Wana utenzi wa mungu Amun ulioandikwa kwenye mafunjo yaliyoko Leiden, Uholanzi, wa zama zile zile za Ramesses II. Unasema miungu wote ni watatu: Amun, Ra na Ptah. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, unaacha wingi na kushika umoja: jina lake limefichika, kwa kuwa yeye ni Amun, uso wake ni Ra, mwili wake ni Ptah. Watatu wamekuwa "yeye". Wanayo pia Litania ya Ra, iliyochorwa kwenye kuta za makaburi ya wafalme, ambamo mungu jua anaitwa kwa namna 75. Aliyelelewa na tasbihi na majina 99 hawezi kuisoma asihisi kwamba anaujua mlango huu.

Kuna tena maandiko ya hekima. Amenemope, mwenye hekima wa Misri ya kale, akimfunza mwanawe, anasema kwamba wayasemayo watu ni kitu kimoja, na ayatendayo mungu ni kingine. Hatajwi mungu yupi. Tangu mtaalamu wa Kijerumani Adolf Erman aonyeshe mwaka 1924 jinsi mafundisho hayo yanavyofanana na sehemu ya kitabu cha Mithali, kuanzia 22:17, imekuwa rahisi kumwona Mungu wa Biblia nyuma ya neno lile. Hapa sisi wenye kuandika Kiswahili tuna mtego wetu. Neno la Kimisri ni netjer, na maandishi yao hayakuwa na herufi kubwa wala ndogo. Ukitafsiri "Mungu" umeshawahukumu kuwa watu wa tauhidi. Ukitafsiri "mungu" umeshawahukumu kuwa washirikina. Kwa kusema hakuna tofauti, sikio halisikii herufi kubwa. Kalamu ndiyo inayolazimishwa kuamua, na mara nyingi huamua kwa dini ya mwenye kuishika. Wamisri walipoingia Ukristo waliendelea kutumia neno lao hilo hilo, noute kwa Kikopti, kwa Mungu wa Biblia.

Lakini msome Amenemope mpaka mwisho. Mungu asiye na jina anakaa ukurasa mmoja na Thoth, nyani aliyeketi kando ya mizani, akimtazama mwenye kupunja kipimo. Amenemope haoni haja ya kuwapatanisha.

Halafu kuna kisa cha Isis na Ra, ambacho kwangu kina uzito kuliko tenzi zote. Ra amezeeka, mate yanamdondoka. Isis anayaokota, anayakanda na udongo, anafinyanga nyoka, anamtega njiani. Nyoka anamuuma Ra. Sumu inampanda, miguu inatetemeka, anapiga kelele mpaka miungu wote wanakusanyika. Isis anakuja na uso wa huruma: nitajie jina lako la siri, nikutibu. Ra anazungukazunguka. Anasema yeye ni Khepri asubuhi, Ra adhuhuri, Atum jioni. Isis anamjibu kwamba jina analolitaka halimo katika hayo, na sumu inazidi kuwaka.

Tazama kilichotokea hapo. Mtetezi wa Mungu mmoja ataidaka ile kauli ya Khepri, Ra na Atum: si mnaona, majina matatu, nafsi moja! Ni kweli. Ila aliyemfinyangia nyoka si sifa yake. Sifa haimvizii mwenyewe njiani. Andiko moja linaunganisha watatu na kuwatenganisha wawili, na mtunzi hakuona kasoro yoyote. Erik Hornung, mtaalamu wa Misri ya kale aliyefundisha Basel, Uswisi, alieleza jambo hili mwaka 1971 kwa namna inayonikinaisha: mungu anayesifiwa huitwa "wa pekee" kwa sababu saa ile mwenye kuomba amemwelekea yeye tu, kesho ataelekea kwingine, na huyo naye atakuwa wa pekee.

Akhenaten, Farao aliyetaka mungu jua Aten aabudiwe peke yake, hutajwa sana hapa, nami simpi nafasi kubwa. Aliyeituma patasi ikafute jina la Amun katika mahekalu, na pengine hata neno "miungu", ni shahidi mbaya wa kuitwa na upande wa Mungu mmoja. Kama wengi walikuwa majina tu ya mmoja, patasi ilikuwa ya nini? Na kwenye nyumba za mji wake mwenyewe, Amarna, wachimbuaji wameokota hirizi za Bes na Taweret, walinzi wa wajawazito na watoto. (Hata Qur'ani, ambamo Firauni anadai hamjui mungu asiyekuwa yeye, inawasikilizisha wakuu wake wakimwonya kwamba Musa atamwacha "wewe na miungu yako".)

Ubishi huu tumeshaupiga hata nyumbani. Mwanatheolojia John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba Waafrika kote wamemjua Mungu mmoja aliye juu ya yote. Mshairi Okot p'Bitek wa Uganda akamjia juu yeye na wengine: mnaivisha miungu yetu nguo za Wagiriki ili ikubalike kwa wageni. Kwa Misri, mimi niko karibu na p'Bitek. Tauhidi tunayowapa Wamisri ni zawadi yetu, tunayowapa ili wasituaibishe mbele za watu. Sioni kwamba waliihitaji. Umoja waliujua, wakauimba vizuri kuliko wengi, na bado kila mungu alikuwa na nyumba yake, hasira yake na njaa yake ya sadaka.

Neferabu angeweza kuchongesha jiwe moja, makosa yake yote mawili yakaingia humo. Alichongesha mawili, na kila kosa akaliungama kwa mwenyewe.