Mbasa wa Matema: aachiwe au aliwe?

Wageni wanaovua kwa mchezo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, humnasa samaki aitwaye mbasa, humpiga picha, kisha humrudisha ziwani. Wenyeji wengi wa Kyela hawaoni mantiki: samaki ni kitoweo, na huyo anayerudishwa kachoka atakwenda kufia mbele. Hoja hii ina uzito kuliko wapenzi wa mchezo wanavyokubali.

Mbasa huishi ziwani, na mvua zikijaza mito hupanda kutaga kwenye changarawe. Maji ya juu ya Ziwa Nyasa yana joto la nyuzi 23 hadi 28, na maji yakizidi joto hewa ndani yake hupungua. Mbasa aliyevutwa muda mrefu kwa mshipi mwembamba hufika mkononi hoi. Mkono mkavu humtoa ute na magamba, vidonda vikaota kuvu. Ndoana ya meno matatu nayo humchana mashavu anayopumulia.

Haya yanazuilika. Funga ndoana ya jino moja na ubane kwa koleo kile kijino kinachoizuia kuchomoka. Tumia mshipi unaohimili kilo 6, si kilo 2, ili pambano liwe fupi. Lowesha mikono, ichomoe ndoana samaki akiwa majini, mshikilie kichwa kikiukabili mkondo mpaka ajitoe mwenyewe. Anayevuja damu mashavuni apelekwe jikoni. Kumwachia ni kumpoteza bure.

Kwenye miamba ya kuelekea Ikombe, hata ustadi huo hautoshi. Majike wengi wa vile visamaki vya rangi hulea mayai mdomoni, na wakinaswa huyatema. Jike atapona, uzao wake umekwisha. Miamba hiyo isivuliwe kabisa.

Upande wa pili, fimbo ya kuvulia hunasa mmoja mmoja. Wavu uliotegwa mlangoni mwa mto Lufilyo wakati wa masika huzoa wenye mayai kwa mkupuo, na udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani hufunika changarawe. Ukilinganisha, mvuvi wa mchezo anayefuata utaratibu ana madhara madogo, na malipo yake ya mtumbwi na mwongozaji hubaki kijijini.

Kwa hiyo aruhusiwe, ila ziwani na wakati wa kiangazi. Masika milango ya mito ifungwe kwa fimbo na nyavu pamoja. BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, haiwezi kumwambia mwanakijiji atoe wavu wake huku mgeni amesimama palepale akirusha ndoana.