Sikuwa Nachungulia Kichen Pati, Nilikuwa Ndani ya Mashine

Najua wengi wenu mmeshaipata ya dogo, mwanafunzi wangu wa kazi. Ile sauti yake ya dakika 3 imeshapita grupu la mafundi, grupu la ukoo na, sijui kwa njia gani, imefika kwa fundi cherehani wangu. Kwa mujibu wa dogo, mimi "nilikutwa darini nachungulia kichen pati". Wakuu, darini sikuwepo, na kuchungulia sikuchungulia. Nilikuwa ndani ya mashine. Suala la kusikiliza tutafika.

Ukumbi siutaji, uko hapahapa Dar. Kazi ilikuwa swichi mbili za presha ya hewa kwenye AHU (ile mashine kubwa ya kuchuja hewa na kuisukuma ukumbini) ya zamani iliyokaa chumba cha juu nyuma ya jukwaa. Moja ya kutoa taarifa filta zikichafuka, nyingine ya kuihakikishia kontrola, kidude kinachoiwasha na kuizima mashine, kwamba feni inasukuma hewa kweli, isije mkanda ukakatika mota ikabaki inazunguka peke yake kama mlevi. Ilitakiwa iishe Ijumaa. Ijumaa nilikuwa na dharura (sawa, kulikuwa na mechi). Kwa hiyo Jumamosi alasiri, wamama wanaingia na sare zao za zambarau, mimi bado niko juu na bisibisi.

Kwa wasiokijua kidude chenyewe: ni kama kopo la dawa ya viatu, ndani kina ngozi laini ya mpira, nje kina pua mbili za kuchomekea mipira, + na −. Presha ya upande wa + ikizidi ya upande wa − kwa kiasi ulichoweka, ngozi inasukumwa, unasikia tik. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Yangu ilianzia paskali 20 hadi 300, na paskali 100 ni nguvu ya kupandisha maji kama sentimita 1 tu kwenye mrija wa soda. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha kazi alitupiga marufuku kukijaribu kwa kupuliza na mdomo. Pumzi ya mtu ni maelfu ya paskali, tena ina mate.

Asubuhi nilikipuliza. Tusonge.

Siku nzima feni ilikuwa inawaka, inavuma vizuri, zinapita sekunde 60, kontrola haijaona swichi ikifunga, inazima kila kitu na kuwasha taa nyekundu. Nikashusha kipimo kutoka 150 hadi 100. Sekunde 60, zii. 50, zii. 20, mwisho wa kipimo, zii. Nikailaumu kontrola, nikamlaumu aliyeniuzia Kariakoo, nikalaumu umeme. Saa 9 ndipo nikaona: mipira nimeigeuza. Ule wa mbele ya feni, hewa inakosukumwa, nimeuchomeka kwenye −. Wa nyuma, inakovutwa, nimeuchomeka kwenye +. Ngozi ya watu ilikuwa inavutwa kinyumenyume tangu asubuhi. Nikamtuma dogo chini akalete silikoni kwenye gari, nikaibadilisha mipira kimyakimya asione, kisha nikaingia ndani ya mashine, kile chumba cha kati ya filta na feni, kuangalia kama ncha ya mpira wa − haijajikunja.

Swichi kuu sikuizima. Kufuli yangu ya kufungia swichi ilikuwa kwenye begi. Mashine si imejizima yenyewe? Taa nyekundu si inawaka? Nikaona inatosha.

Sasa, dakti, lile bomba la bati la kupitishia hewa, feni ikiwa imezimwa ni simu. Hewa ya kutoka ukumbini inarudi kupitia filta, na mimi nimechuchumaa nyuma ya filta hizohizo. Nilikuwa nasikia hadi vijiko. Na somo, mama mwenye sauti ya kokoto, alikuwa ameshaanza darasa. Sikuwa nasikiliza. Haya, nilisikiliza kidogo. Ule mpira niliuweka sawa kwa dakika 2. Zile 5 zilizofuata sina risiti yake. Mwenzenu nina miaka 6 kwenye ndoa, na kuna mambo nilikuwa nadhani yanatokea tu pale nyumbani, kumbe yana silabasi.

"Akichelewa kurudi," somo anasema, "usikimbilie mlango. Mwache agonge. Agonge tena. Ajue humo ndani kuna mtu."

"Eeeeh!" Vigelegele.

Natabasamu peke yangu gizani, nikasikia mlango wa mashine unafungwa. Dogo amerudi, ameukuta wazi, mimi sionekani, akakumbuka nilichomfundisha mwenyewe wiki iliyopita: usijaribu feni mlango ukiwa wazi, presha itakudanganya. Mwanafunzi mzuri. Akausukuma, akakaza vishikio viwili. Vishikio viko nje. Ndani ni bati tupu.

Nikapiga kelele: "Usiwashe!"

Bati lenye sponji katikati lina tabia ya kumeza sauti. Likameza "usi". Dogo akasikia "washe!", akaamini bosi yuko upande wa pili wa mashine, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakuona sababu ya kunisahihisha sarufi. "Sawa bosi!" Nikasikia ndala zinakimbilia kwenye paneli.

Kwanza kontakta, tak. Halafu mkanda ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Halafu hewa. (Feni ina wavu, msianze kuchangishana.) Haikuja kwa fujo. Ilinivuta shati polepole, kama mtu anayekuita pembeni akuambie jambo, halafu akaamua kulichukua shati lenyewe. Kofia ilitangulia, ikabandikwa kwenye wavu. Vumbi lililolala kwenye kona tangu mashine ifungwe likaamka lote kwa pamoja.

Nikatulia. Mimi si fundi? Nikajiambia, sekunde 60 tu, kontrola haitaiona swichi, itazima kama ilivyozima siku nzima. Nikaanza kuhesabu. 20. Nikapangusa jicho. 40. Nikaanza kuandaa maneno ya kumwambia dogo. 58. 59. 60.

61.

65, feni inavuma kama imetoka kiwandani leo. Hapo ndipo iliponiingia kwamba mipira nimeshaiweka sawa. Na kipimo nimekiacha 20, ambako hata kuku akipiga mbawa swichi inakubali. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kazi yangu ilikuwa haina kasoro, na nilikuwa ndani yake.

Nilipiga kelele. Sitawaficha. Nilibandika mdomo kwenye filta, upande wa ukumbini, nikatoa sauti ambazo nilidhani niliziacha shule ya msingi.

Ya ukumbini nawapa kama nilivyosimuliwa na mhudumu wa vinywaji, kwa sababu yeye hana sababu ya kunionea. Somo alikuwa bado yuko kwenye mada ya mlango. "Agonge mpaka achoke," anasema. Ukumbi kimya, bibi harusi ameinamisha kichwa. Mara kutoka kwenye matundu ya hewa, sauti ya mwanamume:

"NIFUNGULIENI JAMANI!"

Watu wakafa kwa kicheko. Walidhani MC kaipanga. Somo akanyoosha kidole juu: "Mnamsikia? Huyo ameanza kuelewa."

"NAKUFA HUKU!"

"Usimfungulie bado!" Vigelegele, ngoma ikadundwa, kuna mama alisimama kabisa kwenda kumtuza somo. Mhudumu anasema nilipata makofi mara tatu.

Ni shangazi wa bibi harusi, mama mtu mzima aliyekuwa ametulia na soda yake, ndiye aliyeuliza: "Kwani MC wetu si mwanamke?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Viti chini, khanga kichwani, mtu anakemea mapepo, meneja anapanda ngazi mbilimbili, dogo anaambiwa kuna mwanamume darini anachungulia, dogo anazima, anafungua. Nikatoka kwa magoti, vumbi mpaka kope, shavu la kushoto limechorwa miraba ya filta. Mbele yangu wamesimama wamama kama 8 wa zambarau, mmoja ameshika kiatu. Sikujua niseme nini. Nikasema, "Shikamooni."

Wawili waliitikia.

"Umesikia nini?" akauliza mwenye kiatu.

"Sijasikia kitu mama yangu, feni ilikuwa inapiga kelele."

Nimelipwa nusu. Nusu nyingine mpaka nirudi kupandisha kipimo (tofauti ya presha kwenye ile feni ikiwa nzima ni kama 240, nitaweka nusu yake) na kugeuza pua za swichi zitazame chini, jasho la Dar lisije likajaa kwenye mipira. Nitaenda siku ya katikati ya wiki. Nimeuliza, hakuna shughuli.

Usiku mzee akapiga simu. Hakuuliza kama nimeumia.

"Ule mpira wa minus ncha yake ilikuwa wapi?"

"Ndani, mzee."

"Ndani wapi?"

"Begani kwangu."

Kimya kirefu. Nikamsikia anavuta pumzi. "Sasa si ungeupuliza? Pumzi moja, ukaziba na kidole, swichi inaachia, kontrola inazima feni. Ungetoka bila kelele."

"Mzee, si ulitukataza kupuliza?"

Akakata simu.