Kilimanjaro inafanya nini Mwanza?

Huu ni mwaka wangu wa saba Buffalo, Marekani, mji wa kando ya ziwa kama kwetu, ila Ziwa Erie huganda. Baridi ikizidi najificha kwenye jumba la sanaa lenye jina la Charles Burchfield. Huyu bwana alikuja hapa mwaka 1921 kubuni karatasi za kupamba kuta, na nje ya kazi alichora kwa rangi za maji nguzo za simu, nyumba zilizochoka, matope. Mwaka 1917, kabla hajahamia, alichora hata kelele za wadudu: vimistari vinavyotetemeka juu ya majani. Hamna tai, hamna bendera, na bado Wamarekani wanamhesabu kuwa wao kabisa.

Nikirudi Mwanza naoneshwa picha za twiga, Mmasai na Kilimanjaro. Jamani, Kilimanjaro Mwanza! Fundi simlaumu, anauza kinachonunuliwa. Wala Edward Tingatinga, mchoraji wa wanyama, simdharau. Mwaka 1968 kule Dar es Salaam alishika rangi ya baiskeli na vibao kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana. Kinachoniudhi ni kuambiwa picha isiyo na mnyama "siyo ya Kitanzania".

Na sisi tuna Mabatini, nyumba zimeng'ang'ania mawe kama kuku waliopanda mti. Tuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi, ukadhani ng'ambo kunaungua. Burchfield angehamia. (Jiwe letu maarufu kuliko yote bado tunaliita Bismarck, jina la kiongozi wa Ujerumani. Utaifa huo.)

Desemba nilikaa Mwaloni, Kirumba, na kisanduku changu cha rangi. Jua la saa nne halina huruma: hujamaliza kutandaza anga, rangi imeshakauka na kuacha ukingo kama chumvi ya jasho kwenye shati. Buffalo ukichora barabarani watu wanakupita kimya. Mwaloni nilizungukwa na wabeba dagaa, wote majaji. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akachungulia.

"Mwanangu, mtumbwi wangu umeuacha."

Nikauongeza. Akatazama tena, akaguna.

"Na jiwe hilo umelikuta limeshapauka. Njoo saa kumi na mbili, dagaa wakiwa wanashushwa."

Kesho yake nikaenda. Jiwe lilikuwa zambarau, na kwenye kisanduku nyekundu ilikuwa imebaki kidogo mno.